Bi Hafidha na Saa ya Bi Mkubwa

Na Felista Benedikto, bohari ya Bigwa

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu, saa kumi kamili jioni, Bi Hafidha Rehani atastaafu baada ya kuutumikia Umoja wa Wakulima wa Mboga Milimani kwa miaka thelathini na miwili. Neno "jioni" tumeliandika kwa makusudi. Watu wa bohari wanajua sababu, na wasomaji wa matawi mengine wataijua kabla hawajafika mwisho wa ukurasa huu.

Bi Hafidha ni mzaliwa wa Mkuyuni. Alikuja kwetu kumshikia nafasi, kwa msimu mmoja tu, karani wa mizani aliyekwenda kujifungua. Karani yule hakurudi, na Bi Hafidha hakuondoka. Zama hizo mizani ilikuwa ya mawe, na kazi ya karani ilikuwa kusimama tangu asubuhi akibishana na watu wazima juu ya kabichi. Kubishana huko alikupenda tangu siku ya kwanza. Mpaka leo, mkulima anayelowesha mchicha ili uongeze uzito hufikiria mara mbili akisikia Bi Hafidha yuko zamu. Analinyanyua fungu, analitikisa mara moja, kisha anamwomba mwenye mali, kwa adabu zote, akalianike kwanza mpaka lipone mafua.

Lakini sifa iliyomtangaza kuliko zote si ya mchicha. Ni ya kompyuta.

Kompyuta mpakato yetu ya kwanza, ambayo sisi huiita laptopu kama watu wengine wote, tuliipata mradi mmoja wa kilimo ulipofunga virago. Wenye mradi walichukua magari yao, wakachukua na viti vya kuzunguka, wakatuachia laptopu. Ilikuwa nyeusi, nzito, na hata siku ile ya kwanza haikuwa mpya. Miaka ilipita, ofisi kuu ikatuletea kompyuta nyingine mbili, nyembamba, zinang'aa. Hapo ndipo ile ya zamani ilipobatizwa jina la Bi Mkubwa. Kila aliyekulia nyumba ya mitala anajua kwamba bi mdogo huja na marashi yake, lakini funguo za stoo hubaki kwa bi mkubwa. Na kweli zilibaki. Mizani yetu ya kielektroniki ina waya wenye kichwa kipana cha kizamani, na kompyuta mpya hazina hata tundu la kuuchomeka. Bila Bi Mkubwa hakuna gunia linalopimwa Bigwa.

Sasa, Bi Mkubwa ana vituko vya uzee wake, na vituko hivyo havitibiwi kwa kupigapiga mgongo kama tulivyokuwa tukifanya. Vinatibiwa ndani. Ukiwasha laptopu, kabla haijaleta picha na rangi zake, kuna nafasi fupi ya kubonyeza kitufe cha F2. Ukiwahi, unatua kwenye ukurasa wa mipangilio ya msingi, maandishi meupe ya Kiingereza juu ya buluu, hakuna picha, na kipanya hakifui dafu humo. Unatembea kwa vishale peke yake. Mafundi wana jina lao la ukurasa huo. Bi Hafidha aliuita jikoni. Sebuleni, alituambia, ni pale wageni wanapokaa kusifia mapazia, ila kama watu watakula au watalala njaa, hilo huamuliwa jikoni. Tangu hapo hakuna mtu wa bohari aliyelitamka tena jina la mafundi. Fundi mmoja wa mjini aliwahi kupigiwa simu na kuambiwa kuwa jikoni pamegoma kufunguka tangu asubuhi. Alijibu kwa upole kwamba tumekosea namba, yeye hatengenezi majiko.

Mambo ya jikoni hakufundishwa na mtu. Alibadilisha kitu kimoja, akawasha upya, akaangalia nini kimeharibika. Kama hakuna kilichoharibika akabadilisha kingine. Anasema ndivyo mama yake alivyomfundisha kupika, kwamba ukitia chumvi na pilipili kwa mpigo mmoja hutajua kipi kimekuharibia mchuzi. Kwa mwendo huo alilifufua tundu la waya wa mizani, ambalo mtu wa mradi alikuwa amelizima bila kutuambia. Tulikuwa tumeshatangaza kuwa mizani imekufa na tumeanza kuyatafuta mawe ya zamani.

Kuna siku mtu alisahau flashi yenye nyimbo kwenye laptopu, na asubuhi Bi Mkubwa akagoma kuwaka. Kioo cheusi, mstari mmoja wa maandishi, basi. Wapo waliosema ni kirusi. Yupo aliyesema tuombe kwanza, na kwa haki niseme tuliomba. Bi Hafidha alingoja mpaka amina, akaichomoa flashi, akaingia jikoni. Akagundua kwamba mashine ilikuwa imepangwa kutafuta pa kuamkia kwenye flashi kabla ya kujitazama yenyewe. Akaupindua utaratibu. Akatueleza kuwa mwenye nyumba huamka kwanza, mgeni baadaye, na kwamba dua zetu zimepokelewa.

Hatusemi kwamba alitumia madaraka yake ya jikoni kwa haki siku zote. Kile kibao cha kugusia kwa kidole alikizima kabisa kwa sababu mkono wa baibui lake ulikuwa ukikipapasa na kufuta kazi yake. Sisi tusiovaa baibui tukaishi kwa kipanya. Mtandao nao aliuzima, alipowakuta vijana wa mizani wanaangalia mpira huku viazi vikingoja. Aliuzimia huko huko jikoni, mahali ambapo hakuna ujanja wa sebuleni unaoweza kuuwasha. Kisha akaweka neno la siri mlangoni. Tumelikisia neno hilo kwa miaka. Tumejaribu majina ya watoto wake, wajukuu wake, hata la mbuzi wake aliyepotea sikukuu ya Idi. Wiki iliyopita amelikabidhi kwangu rasmi na kunikataza kulitaja. Ninachoruhusiwa kusema ni kwamba ni jina la mboga, na mboga, ndugu zangu, tunazo nyingi.

Tatizo moja tu lilimshinda Bi Hafidha, nalo ni saa. Ndani ya laptopu kuna kibetri kidogo cha duara ambacho kazi yake ni kukumbuka tarehe na saa mashine inapokuwa imezimwa. Cha Bi Mkubwa kilikufa zamani. Betri yake kubwa nayo haishiki chaji tena, kwa hiyo umeme ukikatika, na Bigwa umeme unajua kukatika, Bi Mkubwa anasahau hata mwaka. Fundi alitaka mashine ilale kwake ndipo abadilishe kibetri. Bi Hafidha alikataa katakata. Alisema hajawahi kumlaza Bi Mkubwa kwa watu na hataanza leo. Basi kila umeme unaporudi anabonyeza F2, anaingia jikoni, na kumkumbusha tarehe na saa kwa mkono. Amefanya hivyo miaka nenda, miaka rudi, na hapo ndipo kisa chetu kinapochacha.

Mwishoni mwa mwaka jana tulimpata meneja mpya, Bwana Deogratias, mtu makini, ambaye ofisi yake iko mjini. Kabla hajamaliza mwezi, mnunuzi wetu wa Dar es Salaam alilalamika kwamba makreti ya karoti yanafika pungufu. Meneja akaomba apelekewe orodha ya upakiaji jinsi ilivyo kwenye mashine. Mameneja waliotangulia walikuwa wakipelekewa jumla ya mwezi tu, na safu ya saa hakuna aliyewahi kuisoma. Yeye aliisoma. Akaona magari yakipakiwa kwenye saa 02:15, kwenye saa 02:40, siku baada ya siku. Yaani saa nane na ushee, usiku wa manane.

Kupakia mboga usiku si dhambi. Wapo wengi wafanyao hivyo ili mzigo usafiri na ubaridi. Lakini meneja alikuwa amekwishamuuliza mlinzi wetu wa usiku, Yakobo, kama kuna gari huingia gizani. Yakobo, ambaye ni mtu wa Matombo na hana maneno mengi, alijibu kwamba usiku lango halifunguliwi, halijawahi. Mlinzi anasema hivi, mashine inasema vile. Mashine haina ndugu wala rafiki, kwa hiyo ikaaminiwa. Yakobo akasimamishwa kazi na kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Mambo yakafanywa kwa siri, kama taratibu zinavyotaka, na sisi wa bohari tukaambiwa tu kwamba Yakobo ana "suala".

Siri hiyo haikuvuka mlima ikiwa siri. Matombo walijua kabla ya Bigwa. Siku ya kikao, mimi nikiwa katibu, Yakobo aliketi karibu na mlango, kofia yake magotini. Alipoulizwa kama ana la kusema, alisema, "Mimi sijaiba. Ila nyumbani wanangu wanaitwa watoto wa mwizi, na mimi sina cha kuwaonyesha watu."

Bi Hafidha aliitwa kama shahidi wa mashine. Bwana Deogratias alimpa karatasi, akamwomba athibitishe kwamba mashine ni nzima na kwamba saa zilizoandikwa ni za kweli. Kumuuliza Bi Hafidha kama Bi Mkubwa husema kweli ni kumtafuta ugomvi. Akavaa miwani. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Ni kweli tupu," akasema. "Saa mbili na robo, gari limepakiwa. Mimi mwenyewe nilikuwepo."

Mwenyekiti wetu, Mzee Mansuri, alivua baraghashia yake akaivaa tena. Meneja akauliza polepole, "Bi Hafidha, wewe ulikuwepo bohari saa nane na robo usiku?"

"Usiku? Nani kasema usiku? Saa mbili na robo asubuhi. Si imeandikwa hapo, baba? Mbili, kumi na tano."

Ilituchukua muda, lakini tulifika. Waliotengeneza laptopu huanza kuhesabu saa katikati ya usiku, kwa hiyo kwao mbili ni saa nane yetu ya usiku. Bi Hafidha huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, kama alivyofanya mama yake na mama wa mama yake. Mashine ikimuuliza ni saa ngapi, aliijibu kwa Kiswahili. Ikiwa saa mbili asubuhi, aliandika mbili. Bi Mkubwa akaendelea kutoka hapo bila kinyongo. Saa nne asubuhi kioo kilisoma nne, saa kumi jioni kilisoma kumi, na tarehe ilibadilika alfajiri, wakati majogoo nao wanabadilisha siku. Bohari nzima tulikuwa tukiitazama saa ile na kwenda kunywa chai kwa wakati wake, tukaona hiyo ndiyo kompyuta pekee Tanzania yenye akili. Kijana mmoja alishawahi kugundua na kutaka kurekebisha. Aliambiwa kwamba jikoni kwa watu hapaingiwi bila hodi.

Kicheko kilianza upande wa dirishani. Kisha kikakatika, maana Yakobo alikuwa bado yuko pale mlangoni na hakuwa anacheka.

Mzee Mansuri ni mtu wa huruma, na alijua Bi Hafidha amebakiza miezi michache tu kustaafu. Alijua pia kwamba jina lake limekwisha kupitishwa kwa cheti cha mtumishi wa mfano, ambacho hutolewa siku ya kuagwa, na kwamba kanuni inakataza kumpa aliyewahi kuandikiwa onyo kwa kuharibu kumbukumbu. Akamfungulia mlango wa kutokea. Akasema labda ni kile kibetri, kwani nani asiyejua kwamba kimekufa? Vichwa vikaitikia. Meneja naye akaitikia. Tungeandika kwamba mashine ni mbovu, kumbukumbu haziaminiki, na Yakobo arudishwe kazini kwa kukosekana ushahidi. Nilikwishainua kalamu.

Bi Hafidha alinitazama. "Usiandike hivyo," akasema. "Betri ikifa inasahau tu. Haiwezi kukosea saa sita zilezile kila siku ya Mungu. Saa niliiweka mimi, kwa vidole hivi. Mkiandika mashine mbovu, huyu atarudi kwao kama mwizi aliyeponyoka kwa kukosa ushahidi. Andikeni nimekosea mimi, ili muandike na yeye hakufungua lango."

Mzee Mansuri akamkumbusha kanuni ya cheti. Hakumkumbusha kwa sauti kubwa.

"Naijua," akasema Bi Hafidha. "Andika, Felista."

Nikaandika. Nimeshika kalamu ya Umoja huu kwa miaka mingi na sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mwanamke yule saa ile.

Kisha akatuongoza kamati nzima mpaka kwenye mizani, na kwa mara ya kwanza wageni wakaruhusiwa jikoni. Akazima, akawasha, akagonga F2, akaandika neno lake la siri huku amefunika vidole kwa mtandio. Jua lilikuwa karibu utosini. Saa ya mkononi ya meneja ilisoma 11:40. Bi Mkubwa alisoma 05:40. Sote tukasema kwa pamoja, bila kupanga, "Saa sita kasoro dakika ishirini." Bwana Deogratias alicheka, akaketi juu ya gunia la viazi, akamwomba Yakobo radhi mbele ya watu wote. Baadaye ilijulikana kwamba makreti yalikuwa yakishushwa njiani na dereva wa mnunuzi, mbali kabisa na lango letu.

Yakobo alipewa barua inayosema kwa maneno wazi kwamba hana hatia, na kwamba magari yote yalipakiwa asubuhi akiwa amekwishakwenda nyumbani. Barua hiyo ilisomwa kwenye jumuiya yao ndogondogo huko Matombo, ikarudiwa kwa waliochelewa. Bi Hafidha naye alipata yake, ya onyo, ya kwanza katika maisha yake ya kazi. Aliirudisha ofisini kesho yake ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu, kwa kuwa mwandishi alikuwa amechanganya "r" na "l" mahali pawili. Ofisi ikalazimika kumwandikia upya, na nakala safi akaipokea kwa shukrani.

Tangu hapo Bi Mkubwa anafuata saa ya ulimwengu. Bi Hafidha hajamsamehe. Anasema siku hizi Bi Mkubwa anaongea Kizungu na wenyeji wake, na kila akitazama kioo anatoa sita kwa sauti ili wote tusikie adha tunayomtia. Lakini alitufundisha. Miezi hii ya mwisho ametuketisha mmoja mmoja mbele ya ukurasa ule wa buluu, akatuonyesha tundu la mizani linapowashwa, mpangilio wa kuamka, tarehe, saa, na jinsi ya kutoka bila kuhifadhi ukiona umevuruga. Nilipobadilisha vitu viwili kwa mpigo mmoja nilipigwa kofi la mkono, na mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu. Mtandao bado umezimwa. Nimerithi neno la siri, na nimerithi pia msimamo.

Wasomaji watakaokuja kwenye sherehe wataona kwamba kwenye ratiba hakuna kipengele cha cheti cha mtumishi wa mfano. Kanuni ni kanuni, na mwenyewe alituomba tusiigombanie. Tumemnunulia kitenge, tumempikia pilau, na Bwana Deogratias ameomba apewe nafasi ya kuzungumza, ila tumemtahadharisha kuwa Bi Hafidha atakuwa ameketi mstari wa mbele na hapendi hotuba ndefu.

Bi Hafidha, asante kwa mawe na kwa mizani, kwa mchicha uliouanika, kwa kelele zako na kwa mkono wako. Asante kwa siku ile hasa. Nenda Mkuyuni ukapumzike kwenye mdalasini wako, ule ushibe, ulale mchana bila kuulizwa. Mungu akupe afya na miaka mirefu, uihesabu kuanzia saa yoyote uitakayo. Wajukuu tunawaombea subira, na simu zao tunaziombea zaidi.

Jambo moja la mwisho kwa wageni. Zamu ya Yakobo huisha saa kumi na mbili asubuhi, na tulimwambia kwamba tarehe 30 akishatoka aende akalale kama kawaida. Amekataa. Amesema ataoga pale pale bohari, atavaa shati lake la kanisani, atangoja mpaka saa kumi jioni. Bi Hafidha akitoka, lango atalifungua yeye, jua likiwa bado linawaka na watu wote wakiona.